Maikrowevu Haifi Siku Moja

Taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, kengele inalia. Unafungua mlango, unagusa githeri, na bado ni baridi vilevile kama ilivyotoka kwenye friji. Katika hoteli ndogo za Muthara, kaunti ya Meru, na kwenye nyumba za kupanga, haya ndiyo malalamiko yanayosikika sana kuhusu maikrowevu, na hukumu hutolewa papo hapo: imekufa. Mashine inatupwa stoo au inauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwenyewe anaanza kuweka akiba ya kununua nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno. Maikrowevu ni mkusanyiko wa vipuri ambavyo umri wake haulingani. Kimoja huchakaa kwa miaka miwili, kingine hupita ishirini. Kuna jambo moja ambalo kila mwenye mashine hii anafaa kulijua: kipuri cha bei ndogo kikipuuzwa huua cha bei kubwa. Huanza kipande cha ulanga kinachoweza kukatwa kwa makasi, au swichi ndogo ya mlango, au vumbi kwenye matundu ya nyuma. Moyo wa mashine huja kufa baadaye, na lawama zote huangukia moyo. Anayeujua mtiririko huo atatumia mamia ya shilingi mahali ambapo jirani yake atatumia maelfu.

Kilichomo ndani ya sanduku

Magnetroni, yaani kipuri kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, haikubuniwa kwa ajili ya jikoni. John Randall na Harry Boot waliunda aina yake yenye nguvu katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940 kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, alitambua kwamba mawimbi hayo yanaweza kupasha chakula, na mwaka 1947 kampuni hiyo ikatoa sokoni mashine ya kwanza, Radarange. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo 340 hivi, na ilipozwa kwa maji. Mashine ya leo hubebwa na mtu mmoja, lakini tatizo la joto halijaondoka. Kazi iliyofanywa na maji sasa imeachiwa feni moja ndogo.

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Ikiingia kwenye maikrowevu hupita kwenye fyuzi na swichi za mlango, kisha transfoma huipandisha hadi volti 2,000 hivi. Kapasita na dayodi hushirikiana kuifikisha karibu volti 4,000, na hiyo ndiyo inayoendesha magnetroni. Mawimbi hutoka, hufuata mfereji wa bati, hupenya kifuniko cha ulanga kilicho ubavuni mwa chumba cha chakula, na kuzitikisa chembe za maji zilizomo chakulani hadi chakula kishike moto. Maikrowevu yenye nguvu ya wati 700 huvuta wati 1,100 hadi 1,200 kutoka kwenye soketi. Tofauti hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya mashine yenyewe, na joto hilo ndilo linalokula vipuri.

Vinavyotangulia: ulanga, sahani na rangi

Fungua mlango, tazama ukuta wa kulia. Utaona kipande chembamba cha rangi ya kijivu au kahawia, mara nyingi cha mstatili. Huo ndio ulanga. Kazi yake ni kuyaacha mawimbi yapite huku ukiuzuia mvuke na mafuta yasiifikie magnetroni. Matone ya supu na mafuta ya nyama yakiurukia na kuachwa, huungua kidogo kidogo hadi yawe makaa. Makaa hupitisha stima. Siku moja utaona cheche za buluu na kusikia mlio wa kupasuka, na ulanga utakuwa umetoboka.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Kwa kuwa chakula bado kinapata moto, wanaendelea kuitumia. Cheche hizo huichoma ncha ya magnetroni, na kipuri cha bei ya kutupwa kinageuka sababu ya kununua kipuri ghali kuliko vyote. Ulanga mpya huuzwa kwa karatasi, hukatwa kwa makasi kwa kipimo cha ule wa zamani, na kuuweka ni kazi ya dakika chache. Ukiona doa jeusi lisilofutika, badilisha kabla halijawa tundu.

Rangi ya ndani nayo si pambo. Huzuia kutu. Sahani nzito zikiikwaruza au mvuke ukilala ndani kila siku, hubanduka, kutu huingia, na kingo za kutu huanza kutoa cheche. Doa dogo husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi maalumu ya maikrowevu. Rangi ya geti au ya mabati haifai kabisa. Kutu ikishatoboa bati hadi ng'ambo, mashine hiyo imefika mwisho, hata kama bado inapasha vizuri.

Sahani ya kioo huzungushwa na mota ndogo iliyo chini ya sakafu ya chumba, yenye nguvu ya wati chache tu. Mota hiyo huumizwa na mzigo mzito, kama bakuli la udongo lililojaa mukimo wa watu sita, na pia maji ya chakula yanayopenya kwenye tundu la katikati. Sahani ikigoma kuzunguka, usikimbilie kusema mashine imeharibika. Itoe, osha kile kipete chenye magurudumu, pangusa sakafu, irudishe ikae sawasawa. Mara nyingi shida huishia hapo. Na kama mota imekufa kweli, ni miongoni mwa vipuri rahisi kubadilisha.

Mlango ndio askari

Nyuma ya ndoana za mlango kuna swichi ndogo, kwa kawaida tatu. Mbili hukata stima mlango unapofunguliwa. Ya tatu huzilinda hizo mbili: zikikwama zikiwa zimewaka, yenyewe huunganisha njia fupi kwa makusudi ili fyuzi ikatike na mashine izime. Kwa hiyo maikrowevu inayokata fyuzi unapofungua au kufunga mlango haina wazimu. Inakuambia swichi zimechakaa.

Kinachozichakaza ni tabia moja iliyoenea: kufungua mlango mashine ikiwa bado inafanya kazi. Kila ukifanya hivyo, stima yote inakatwa na swichi hizo, na cheche ndogo hurukia kwenye midomo yake. Cheche moja haina neno. Maelfu huunguza midomo hiyo hadi igande au ikatae kugusana. Bandu bandu huisha gogo. Zoea kubonyeza kitufe cha kusimamisha kwanza, au subiri kengele. Mfundishe hivyo na mfanyakazi wa hoteli, kwa maana yeye ndiye anayeufungua mlango mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Fyuzi ikikatika, kuna fundi atakayeifunga kwa uzi wa waya na kukurudishia mashine ikiwa inafanya kazi. Usikubali. Ulinzi wote wa mlango unategemea kukatika kwa fyuzi hiyo. Ukiifunga kwa waya, maikrowevu yaweza kuendelea kutoa mawimbi mlango ukiwa wazi, au waya za ndani zikashika moto. Fyuzi huwekwa nyingine ya kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye mwili wa mashine, kisha hutafutwa kilichoikata.

Vipi kuhusu mawimbi kuvuja? Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa ni miliwati 5 kwa kila sentimita moja ya mraba, yakipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Mlango ulionyooka na safi huwa chini sana ya hapo. Mawimbi haya hayana mionzi ya nyuklia, hayabaki kwenye chakula, na huisha mara mashine inapozima. Yakivuja kwa wingi, hatari yake ni ya kuunguza mwili, na macho ndiyo huathirika upesi. Kwa hiyo chunguza mlango: je, umelegea kwenye bawaba, umepinda, kioo kina ufa, au ule wavu wa chuma ulio ndani ya kioo umetoboka? Lolote kati ya hayo likionekana, chomoa plagi. Ile mbinu ya kuweka simu ndani ya maikrowevu na kuipigia si kipimo, kwa sababu mlango uliotengenezwa kuzuia mawimbi ya mashine si lazima uzuie ya simu. Fundi mwenye kifaa cha kupima uvujaji ndiye wa kuamua.

Feni, vumbi na mende

Udongo mwekundu wa upande huu wa Nyambene hupeperuka wakati wa kiangazi na kuingia kila mahali. Feni ya maikrowevu huuvuta pamoja na hewa. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mapezi ya magnetroni huwa yamevaa koti la vumbi lililochanganyika na mafuta ya jikoni, na hewa haipiti. Mashine nyingi zina kizimio cha joto, nacho kitaanza kuizima kila baada ya dakika kadhaa. Mwenye mashine hudhani stima imepotea. Kumbe mashine inajiokoa. Isipookolewa, sumaku za magnetroni hudhoofika kwa joto na nguvu haitarudi tena.

Dawa haina gharama. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma na ubavuni, na 20 juu, au fuata kitabu chake kikisema zaidi. Usitandike kitambaa juu ya matundu, hata kiwe kizuri namna gani. Usiiweke juu ya friji inayotoa joto, wala kando ya meko ya kuni au sufuria ya kukaangia chipsi. Kila wiki, ikiwa imechomolewa, pangusa matundu ya nje kwa brashi kavu.

Mende nao wana hesabu yao. Hupenda joto na giza, na ubao wa vidhibiti una vyote viwili. Kinyesi chao na miili yao huunganisha njia za stima ambazo hazikupaswa kuunganishwa. Vitufe vinaanza kujibonyeza, saa inaandika maandishi yasiyosomeka, au mashine inaanza kazi bila kuamriwa mara tu unapofunga mlango. Hili la mwisho laweza pia kusababishwa na rilei, yaani swichi ya ubaoni, iliyoganda. Kwa vyovyote, chomoa plagi wala usiitumie tena kabla ya kutazamwa. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye matundu. Safisha makombo, usiache chakula ndani usiku kucha, na weka chambo cha mende mbali na mashine.

Stima inayopotea na kurudi

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana upande wa Embu. Transfoma ilijizima, mitambo mingine ikalemewa, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Mwaka 2023 Kenya ilizama gizani tena mwezi Agosti, Novemba na Desemba. Hizo ni nyakati zilizoandikwa magazetini. Mwisho wa laini ndefu za vijijini, kupotea na kurudi kwa stima hakuandikwi na mtu.

Giza haliiumizi maikrowevu. Hatari iko katika dakika za kwanza stima inaporudi, ambapo volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Msukosuko huo huunguza ubao wa vidhibiti na dayodi. Stima ikipotea, chomoa plagi, kisha ngoja dakika tano au zaidi baada ya kurudi. Vile vilinzi ambavyo wengi wameviweka kwenye friji na televisheni hufanya kazi hiyo vyenyewe, lakini soma kiwango chake kwanza: maikrowevu inahitaji kilinzi kinachostahimili ampea nyingi kuliko kile cha televisheni.

Volti za chini nazo zina madhara ambayo hayaonekani upesi. Saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha taa na televisheni, stima ya mwisho wa laini hudhoofika. Mwenye mashine huona chakula kinachelewa, anaongeza dakika. Ndani, waya wa magnetroni haupati joto la kutosha, na magnetroni hufanya kazi kwa kusitasita, jambo linaloipunguzia umri. Ukiona taa za nyumba zimefifia, tumia gesi usiku huo.

Ekstensheni nyembamba ni tatizo jingine la aina hiyo. Maikrowevu ya kawaida huvuta takriban ampea 5, na kwenye ekstensheni ya bei ya chini iliyogawiwa pia birika la stima, soketi huyeyuka. Ichomeke moja kwa moja ukutani, kwenye soketi yenye waya wa ardhi uliounganishwa vizuri. Waya huo ndio unaokulinda usipigwe na bati la mashine endapo kitu cha ndani kitagusa mwili wake. Kama nyumba yako iliunganishwa stima na mtu asiye na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, tafuta mwenye leseni apime ardhi hiyo. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kinacholindwa.

Kwa wanaotumia sola: inveta za bei nafuu hutoa stima ya mawimbi ya mraba. Transfoma ya maikrowevu huunguruma kwenye stima hiyo, hupata joto kupita kiasi, na chakula hakipashi vizuri. Kama ni lazima, pawe na inveta ya mawimbi laini yenye nguvu inayozidi wati 1,500, na betri zinazoihimili.

Magnetroni na jirani zake

Sasa tufike moyoni. Ndani ya magnetroni kuna waya unaowaka kama ule wa balbu za zamani, na kila saa ya kazi huula kidogo. Magnetroni ya nyumbani kwa kawaida hukadiriwa kuishi saa 2,000 hivi za kupasha. Fanya hesabu. Nyumba inayotumia maikrowevu dakika 15 kwa siku itazimaliza saa hizo kwa zaidi ya miaka 20. Hoteli inayoitumia saa tatu kwa siku, kuanzia chapati za asubuhi hadi wali wa madereva wa miraa usiku, itazimaliza kabla ya miaka miwili. Mwenye hoteli asilaumu kampuni wala uchawi. Amenunua mashine ya nyumbani akaipa kazi ya hoteli. Aiweke kwenye hesabu ya matumizi ya biashara, au anunue ile iliyojengwa kwa ajili ya hoteli.

Kinachoifupishia umri kabla ya wakati ni kuiendesha bila chakula ndani. Mawimbi yasipopata maji ya kuyapasha moto hurudi yalikotoka na kuiunguza magnetroni yenyewe. Nyumba yenye watoto wanaopenda kubonyeza vitufe, acheni kikombe cha maji ndani wakati haitumiki. Sufuria, sahani za mkanda wa dhahabu na karatasi ya alumini hazina nafasi humo.

Kapasita na dayodi hufa kwa ghafla zaidi. Dalili yake ni muungurumo mzito usio wa kawaida, chakula kikibaki baridi, na wakati mwingine fyuzi kukatika. Hii ni habari njema kwa mfuko wako, kwa sababu dayodi ni ya bei ndogo sana. Ndiyo maana fundi asiyepima, anayekwambia moja kwa moja kwamba magnetroni imekwisha, anafaa kuulizwa amejuaje.

Kipimo cha kikombe

Huhitaji kifaa chochote kujua kama mashine yako inazeeka. Chukua kikombe kilekile kila mara, chenye robo lita ya maji ya mfereji. Tia kijiti cha mbao ndani, kwa sababu maji yaliyopashwa bila kitu ndani huweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia, kisha yakafumka usoni ukiyagusa. Washa kwa nguvu zote na hesabu muda hadi yaanze kuchemka. Mashine nzima ya wati 700 itachukua kati ya dakika mbili na mbili na nusu. Andika muda huo na tarehe, ubandike nyuma ya mlango wa kabati.

Rudia kila baada ya miezi mitatu, ukipima mara mbili kwa siku moja: saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Kama asubuhi ni dakika mbili na nusu na usiku ni nne, mashine ni nzima. Stima ndiyo dhaifu, na malalamiko yako yapelekwe Kenya Power, na wasipokusikiliza, EPRA. Kama ni dakika nne asubuhi na usiku, magnetroni imechoka. Kama maji hayapati hata uvuguvugu, tatizo liko kwenye swichi, dayodi, kapasita au magnetroni, na hapo unahitaji fundi.

Unapokoma wewe na anapoanzia fundi

Kusafisha, kupima kwa kikombe, kubadilisha ulanga, kuosha kipete na sahani: hayo ni yako. Kufungua skrubu za ganda la nje si kazi yako, hata kama umewahi kutengeneza redio na pasi. Kapasita ya maikrowevu huhifadhi stima ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Ina kinzani ndani yake cha kuitoa stima hiyo polepole, lakini kinzani hicho nacho huchakaa kama vipuri vingine, na huwezi kujua kwa macho kama kingali kizima.

Onyo la pili ni kwa vijana wa jua kali. Transfoma ya maikrowevu inavutia kwa kutengenezea mashine za kuchomelea au za kuchora miti kwa moto wa stima. Volti 2,000 za transfoma hiyo hazina kosa la kwanza na la pili. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa mchezo huo wa kuchora mbao.

Ukienda kwa fundi, uwe Muthara, Maua au Meru mjini, muulize mambo matatu. Atatoaje stima iliyobaki kwenye kapasita? Je, amepima kwa mita, au anakisia? Je, atakuonyesha kipuri kilichoharibika na kukurudishia? Fundi mwenye ujuzi hatachukizwa na maswali hayo. Vipuri vingi huagizwa Luthuli Avenue, Nairobi, na hufika kwa gari la jioni. Kwa hiyo anayekuahidi magnetroni mpya ndani ya nusu saa huenda anakutilia iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa.

Ukinunua ya mtumba

Maikrowevu zilizotumika Uingereza hufaa stima yetu: volti na plagi zinafanana. Zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120, na hata ukizinunulia kigeuzi, zimeundwa kwa 60 Hz, yaani mizunguko 60 ya stima kwa sekunde, ilhali Kenya ni 50 Hz. Zilizonunuliwa Saudia nazo zichunguzwe, maana huko pia stima ni 60 Hz. Transfoma ya 60 Hz ikiendeshwa kwa 50 Hz hupata joto kupita kiasi, na dakika tano za kitufe cha kuzungusha huwa sita. Soma kibandiko cha nyuma. Kama hakitaji 50 Hz, iache.

Kabla ya kulipa, fanya kipimo cha kikombe mbele ya muuzaji, tazama ulanga, tikisa mlango, nusa ndani. Kati ya yenye vitufe vya kubonyeza na yenye viwili vya kuzungusha, mtu wa kijijini achukue ya kuzungusha. Haina ubao wa kuunguzwa na stima inayorukaruka, na fundi yeyote ataielewa. Na jihadhari na mpya isiyo na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inayouzwa nusu ya bei: rahisi ghali.

Kutengeneza au kuacha

Kanuni ya kuamua ni hii: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya ya aina hiyo, acha. Ulanga, fyuzi, swichi, mota ya sahani, dayodi na taa karibu kila mara vinastahili kutengenezwa. Magnetroni hustahili ikiwa mwili, mlango na transfoma ni vizima. Mlango uliopinda na bati lililotobolewa na kutu havistahili chochote. Mashine iliyokufa isivunjwevunjwe nyumbani: baadhi ya magnetroni za zamani zina kauri ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Iuze nzima kwa fundi atakayetoa vipuri, au iunganishe na taka nyingine za stima za shule au kanisa lenu zipelekwe kwa wakusanyaji rasmi kama WEEE Centre ya Nairobi.

Wiki hii, kabla ya kununua kipuri chochote, fungua mlango wa maikrowevu yako, tazama ukuta wa kulia, na ukiona mafuta juu ya ulanga, yafute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni.